Baba Mdogo Amkalisha Mhudumu Mezani

Mama, shikamoo. Joto la Dar es Salaam limetuandama tangu tuliposhuka kwenye treni, na sikukuu hizi zote mimi na Baba Mdogo Eliamini tunakula hotelini.

Jana mchana tuliingia hoteli moja ya Kariakoo. Mhudumu akatuletea wali na samaki, kisha akasimama pembeni. Baba Mdogo akakataa kugusa chakula.

"Kijana, kwetu Suji, kule Upareni, mtu hasimami wenzake wakila. Nawa mikono."

Kijana akaomba asamehewe, maana meneja angemfukuza kazi. Baba Mdogo akamvuta mkono, akamkalisha. Mpishi akaja kumtafuta mhudumu, naye akakalishwa. Mwisho akatoka meneja mwenyewe, anafoka. Nilitamani kujificha chini ya meza.

"Ndugu Meneja," Baba Mdogo akamuuliza kwa upole, "wewe umekula?"

Meneja akamtazama yule samaki. "Bado," akasema, akavuta kiti.

Wateja wengine walipoona hakuna wa kuwahudumia, wakaingia jikoni kujipakulia. Bwana mmoja mwenye miwani akaja na sahani yake hadi mezani kwetu, akauliza kwa heshima kama amri hii mpya imetoka serikalini.

"Hapana," akajibu Baba Mdogo, mdomo umejaa. "Imetoka Suji."

Kijana hakufukuzwa, Mama, na meneja anakusalimu sana. Jifunike vizuri, baridi ya mlimani isikurudishie kikohozi. Nakupenda.

Mwanao,
Nakijwa