Simu Uliyomfungulia Mwanangu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mgongo unaendeleaje na huko kushinda juu ya kreni? Watoto wanapata akili au wanarefuka tu kama baba yao? Sisi huku wazima. Goti langu halipatani na ngazi za pale dobi, lakini kazi inakwenda, na bado hajatokea wa kupiga pasi shuka zikalala kama ninavyozilaza mimi. Bosi mwenyewe anasema. Sijisifu.

Salamu zimeisha. Sasa kaa chini, maana nina hasira na wewe hadi kalamu inatoboa karatasi.

Najua unashangaa kupata barua mkononi mwa jirani yangu badala ya ujumbe. Simu sina. Yangu anayo Sindano, na sababu ni wewe. Ningeweza kuazima ya mtu nikakupigia, lakini nakujua: ungenitania, ningecheka, na mambo yangeishia hapo. Karatasi haitaniwi.

Nianze na mazuri, maana ni mwanangu na sitaacha kumsema. Sindano kaajiriwa hospitali kubwa, kitengo cha wauguzi wanaowafuata wagonjwa majumbani. Walioomba walijaa ukumbi hadi wengine wakakaa kwenye ngazi. Wakachukuliwa wachache, na jina la mwanangu likasomwa la kwanza. Binti wa mpiga pasi! Yule yule aliyekuwa akidunga ndizi sindano hadi tukampa jina. Siku ya kuripoti sare nilimnyooshea mwenyewe. Ule mkunjo wa suruali ungekata nyanya.

Sasa wauguzi hao hawabebi mafaili. Mambo yote ya mgonjwa, maradhi yake, dawa zake, hata mlango wa kubisha, yamo kwenye programu ya hospitali ndani ya simu ya muuguzi. Ndiyo maana hospitali haikubali simu ovyo ovyo. Programu huipima simu kwanza. Na Sindano alikwenda na ile uliyomtumia ya kumpongeza, kaishika njia nzima kama kashika yai.

Wakaitwa mmoja mmoja mbele ya wenzao. Wa kwanza, alama ya kijani. Wa pili, kijani. Ya Sindano ikatoka nyekundu: KIFAA HIKI HAKIAMINIKI. Wakarudia. Nyekundu. Msimamizi wa wauguzi, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, akamtazama kwa juu ya miwani.

"Binti, simu hii umeitoa wapi?"

"Nimepewa, mama."

"Na nani?"

"Mtu wa nyumbani."

"Huyo mtu wa nyumbani hana jina?"

Mwanangu akanyoosha mkono arudishiwe simu yake. Huko nyuma mtu akacheka. Mdogo wangu, mtoto niliyemlea mimi, ambaye hajawahi kuokota hata kalamu isiyo yake, alichekwa kama mwizi!

Tukampelekea fundi simu wa mtaani kwetu, yule anayeongea na kijiti mdomoni. Akaizima, akaiwasha. Likaja kwanza lile onyo la manjano, ambalo sisi siku zote tulidhani ni tangazo la kampuni, halafu ikatokea sura ya marehemu mama yetu, mahali ambapo simu nyingine huonyesha jina la mtengenezaji.

"Picha hii kaiweka nani?"

Nikamjibu kwa maringo: mjomba wa Sindano, ni mtaalamu, yuko nje.

Akakitoa kijiti. "Basi huyo mtaalamu ndiye kawamaliza."

Nilimfanya arudie hadi nikaelewa, kwa hiyo usije ukaniambia mambo haya hayanihusu. Ndani ya simu kuna kidude kilichofungwa kiwandani, kina siri zake ambazo hata mwenye simu hazioni. Programu ya hospitali haimwulizi Sindano kama simu ni salama, wala haiulizi hiyo skrini, maana vyote viwili vinaweza kudanganya. Inakiuliza hicho kidude, nacho kinajibu na kutia muhuri wake. Sasa ili mama akae pale alipokaa, ilibidi wewe na yule rafiki yako fundi kreni mfungue kufuli la ndani kabisa la simu. Likishafunguliwa, mtu anaweza kuingiza lolote, hata la kunyonya habari za wagonjwa. Kidude hakijui kwamba ninyi mliingiza picha ya mama tu. Kinajua mlango ulifunguliwa, basi. Na simu za aina hii zina fyuzi ndogo inayoungua papo hapo. Hata ukifunga tena, imeshaungua.

Nikamwambia fundi, kibadilishe hicho kidude. Akacheka hadi akashika meza. "Mama, kingekuwa cha kubadilishwa na mimi hapa, nani angekiamini?"

Nisikilize vizuri. Sikukasirika kwa sababu ya picha. Siku ya kwanza nilipoiwasha simu nikamwona mama, nililia, nikaipeleka dobi wote waione. Ulifanya kwa mapenzi na hukujua. Hilo ningekusamehe kabla hujaomba.

Hasira yangu ni ulichokiandika baadaye. Sindano alikuuliza kwenye kundi la familia, kwa adabu zake zote: Mjomba, simu ilifunguliwa kabla ya kuja? Nawe ukajibu mbele ya mashangazi, mabinamu na wakwe: "Kwangu ilitoka nzima. Vijana kwa kuchokonoa hamjambo!" Ukaweka na kile kikatuni kinachocheka hadi machozi.

Wewe! Wewe uliyenitumia sauti yako mwenyewe ukijigamba, "Dada, akiwasha tu, anamwona Mama!" Ulipoona mambo yamechafuka ukajitia hamnazo, mzigo ukamtwika mtoto. Ndivyo ulivyo tangu zamani. Uliifungua redio ya baba, ukabaki na skrubu kiganjani, ukamwambia zilikuwa za ziada.

Kesho yake nilimpa Sindano simu yangu, hii yenye kioo kilichopasuka kona hadi kona, niliyoiangusha kwenye karo la kufulia. Hata wenzake wakageuza macho. Ikapimwa. Kijani! Simu ya mpiga pasi, mdogo wangu, safi hadi moyoni!

Lakini msimamizi alikuwa ameshapeleka habari juu, na ile simu yako wameizuia. Wamemwekea karatasi mezani: akiri kwamba yeye ndiye aliyeichezea ile simu, apewe onyo, aanze kazi. Au aseme nani aliyeichezea. Mwisho Ijumaa, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Kwa sasa yuko stoo, anakunja bandeji, wenzake wakipita na mikoba yao kwenda kwa wagonjwa.

Nikamwambia, mtaje! Akasema, "Mama, Mjomba alinipa kwa mapenzi. Siwezi kumpeleka mbele ya watu wasiomjua wakamwona mhalifu."

Nikasema basi tia sahihi, yaishe.

"Nikitia sahihi jambo nisilolifanya, siku nikiandika kwamba nimempa mgonjwa dawa, mtaniaminije?"

Nimemzaa mimi, lakini pale nilitamani nimwamkie.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayotaka. Usitume simu nyingine. Ukituma nitairudisha na aliyeileta. Nataka sauti yako. Namba ya ofisi ya msimamizi nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Jirani anafika huko kesho, una muda. Piga, taja jina lako, sema: simu niliifungua mimi na rafiki yangu, mtoto hakujua kitu. Ukimaliza, rudi kwenye kundi, pale pale ulipomdhalilisha, uandike hayo hayo bila kikatuni.

Usipopiga, Ijumaa nitavaa gauni langu la bluu nililolipiga pasi leo, nitakwenda kwa yule mama wa miwani, nitakutaja jina lako na la baba yetu, na ile sauti yako iliyomo kwenye simu yangu nitamwekea aisikilize. Sindano ataninunia, halafu atakwenda kazini. Wewe utabaki na hilo la kusemewa na dada yako, na ndevu zako hizo.

Msalimie wifi, mwambie lile dole gumba aliloliweka chini ya maneno yako nililiona. Wabusu watoto. Bibi wa upande wa pili anakuulizia, na kaka mkubwa anasema umpelekee salamu fundi kreni mwenzako. Mungu akulinde huko uliko, akufungulie riziki, na akupe kifua cha kusema neno moja, "mimi".

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa moyo ule ule mmoja,

Mama Sindano