Mikono ya Babu Yako Haikuwa Ikitetemeka

Chumba cha chini, nyumba yenye ngazi za nje,
Jumapili, baada ya kufua.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa uongo,

Umeniharibia mume wangu wa kweli, tena mara mbili. Nakwambia hilo kabla ya salamu ili ukae vizuri kitini. Haya, hujambo? Unakula? Kile kikohozi kimeisha, au bado unakibembeleza na soda baridi? Mimi ni mzima wa kujikongoja. Magoti yananung'unika, na vidole vimekakamaa hata kufunga kifungo ni kazi ya asubuhi nzima. Barua hii naiandika kwa kupumzikapumzika, kwa hiyo isome yote.

Nilikutumia kanda ya babu yako kwa sababu kazi yako ni hiyo, kukata na kuunganisha video za watu. Na ulijua ni ya nini. Babu yako alikuwa kiziwi, maneno yake yote yalikuwa mikononi, na mengine hayafundishwi shule yoyote. Tuliyatunga wenyewe hapa hapa, kati ya cherehani na jiko. Sasa kitukuu changu, binti wa dada yako, naye hasikii. Shuleni wanamfundisha ishara zao, sawa. Za nyumbani amfundishe nani? Zamani ningeweza mimi. Vidole hivi havikunjiki tena. Imebaki kanda.

Katika video ya kwanza uliyotuma, babu yako anatetemeka. Akiinua mkono, mkono unakwenda mbele, unarudi nyuma, unakwenda tena, na pembeni umeota meno kama kitana. Ukuta umetulia, cherehani imetulia. Kinachosogea ndicho kilichoharibika. Nikasema labda ni televisheni yetu. Halafu mtoto akaja kuniomba maji, mkono wake unatetemeka. Nikamshika paji la uso nikidhani ana homa. Hana homa. Kasoma kwa babu yake. Anadhani kule kutetemeka ni sehemu ya neno. Mtu aliyepitisha uzi kwenye sindano bila miwani mpaka uzeeni, leo anafundisha kutetemeka.

Nilikugombeza kwenye simu, ukacheka, ukatuma ya pili. Ya pili haitetemeki, kweli. Imelainishwa kama uji. Mkono ukienda haraka unakuwa mikono miwili ya moshi, na vidole kama chane ya ndizi. Maneno ya polepole, kula, lala, njoo, yanaonekana. Ya haraka yameyeyuka. Na pale mwisho ananigeukia na kuniita jina langu, lile alilonipa yeye: kidole kinapita juu ya nyusi, kinashuka kidevuni, basi, kama mtu anayefukuza nzi. Halipo. Kuna ukungu tu mbele ya uso wake.

Nilizima, nikaenda kuanua nguo.

Nimemwendea mpiga picha za harusi, yule kipara aliyetupigia hiyo kanda. Anasema kamera yake ya zamani haikuwa ikichukua picha nzima kwa mara moja. Inachukua mstari, inaruka mstari, halafu inarudi kujaza iliyorukwa, na hapo mkono umeshasogea. Kwa hiyo kila picha ni nusu mbili za nyakati mbili. Mara ya kwanza uliiambia mashine nusu ya pili ndiyo itangulie. Mara ya pili ukazikoroga pamoja.

"Mjukuu wako si mjinga, mama," akasema. "Ana haraka tu."

Nikamwambia kwetu ujinga na haraka ni neno moja.

Dawa, anasema, ni kila nusu iwe picha yake, kwa zamu yake ya kweli, na mashine ijaze mistari inayokosekana. Picha zitakuwa maradufu, faili litakuwa zito, na kompyuta itakesha. Ikeshe. Mimi nilikesha ulipoota meno na hukusikia nikilalamika.

Nimechoka, mume wangu. Juzi nilijaribu kumwonyesha mtoto jina langu mwenyewe. Kidole kikagoma nyusini, kimepinda. Akaniiga vilevile, kimepinda. Akikua nalo hivyo, atakuwa ananiita jina la ugonjwa wangu, si lile alilonipa babu yake.

Dada yako anakusalimu. Mjomba wako anauliza kama kitambi kimekuzidi au bado mnashindana. Kipara naye anakusalimu, anasema usione haya kumpigia. Mungu akulinde huko uliko, akupe macho mazuri na makalio ya kukaa kitini.

Kanda usiitupe, wala usimwazime mtu. Ikunje barua hii, uirudishe kanda kwenye mashine, nusu ya kwanza iwe ya kwanza, na uanzie mwisho, penye jina langu.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikugombeza,
Mke wa Fundi Cherehani