Saa Mbili Nyuma Yetu

Dubbo, 9 Julai

Mdogo wangu Garth,

Natumai hujambo huko Perth, na goti limepoa. Huku ni baridi tu, na stesheni yetu ya televisheni imebadilishwa namba tena. Fundi alikuja akanitafutia, akaipata, lakini habari za hapa mjini hakuna. Nasomewa mvua ya Sydney. Mvua ya Sydney inanihusu nini mimi?

Juzi nikipangua kabati nilikuta ratiba ya televisheni ya mwaka themanini na sita, ile iliyokuja na gazeti. Siku ya Alhamisi nimeizungushia wino mwekundu: tamthilia yetu ya wapelelezi. Unakumbuka? Ninyi huko mlikuwa nyuma yetu kwa saa mbili, na kipindi kiliwafikia sisi tumeshamaliza. Nikishamjua muuaji, nakupigia simu makusudi, nawe unapiga kelele, "Dada, we! Usiniambie mwisho! Nakata!"

"Haya, mwangalie vizuri yule mpishi."

Na kweli unakata. Nilikuwa nakudanganya, Garth. Muuaji hakuwa mpishi hata siku moja.

Siku hizi kila mtu anatazama anapotaka, na simu yangu imenyamaza.

Barua haikatwi kama simu, ndiyo maana nakuandikia. Jumanne daktari alinipa majibu. Anasema Krismasi siioni. Mwisho nimeujua kabla yako tena, na safari hii sikudanganyi.

Njoo. Nataka angalau mara moja tutazame kitu pamoja, kwa wakati mmoja.

Dada yako,
Noelene