Vitabu Visivyoazimwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua maktaba saa mbili kasoro. Nimejaza jerikani la mlangoni, nimeweka sabuni mpya, nimefuta meza. Wanafunzi watatu wa umeme wamelala juu ya vitabu vyao kabla hata ya saa nne. Nimewaacha. Wakianza kukoroma nitawatoa.

Kompyuta sita mpya zimefika. Zimekuja na Wafula, fundi wa mitambo, mtu mzima, mpole, miwani yake imefungwa kwa waya upande mmoja. Ataingiza kila kitabu cha chuo kwenye mfumo mpya. Nimempenda mara moja. Alinawa kabla sijamwambia.

Sheria yangu ni hiyo tu: hakuna kugusa kitabu bila kunawa. Wanafunzi wananiita Madam Sabuni wakidhani sisikii. Nasikia. Jina si baya.

Jumanne, 4 Machi

Saa saba Mama Awino amekuja, kama kila Jumanne na Alhamisi. Anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni ng'ambo ya barabara. Si mwanafunzi. Kwa kanuni za chuo hafai hata kuvuka kizingiti, na ni miaka mitatu sasa anakivuka mbele ya macho yangu.

Amenawa mpaka viwikoni, akaninyooshea mikono. "Madam, angalia. Leo hata harufu hakuna." Harufu ilikuwepo. Nikamrudisha akanawe tena.

Anasoma kitabu kimoja tu, cha kukausha samaki. Ni cha Kiingereza, kwa hiyo anakwenda polepole, kamusi ubavuni. Saa nzima, nusu ukurasa. Siku mbaya, mistari michache. Mvua kubwa ikianza, omena anaoletewa kutoka Asembo Bay huoza kwenye nyavu zilizotandazwa chini. Mwaka jana aliwamwagia kuku. Kitabu kina michoro ya vichanja vya kuanikia vyenye paa, na anataka kujenga chake kabla mvua haijakolea.

Hayuko peke yake. Kuna fundi wa pikipiki wa Ijumaa, kuna akina mama wawili wa cherehani. Sijawahi kuwaandika popote. Wanasomea hapa hapa, wanaondoka. Nikiwaandika nitaulizwa ni akina nani. Nisipoandika, hakuna swali. Niliona nina akili sana.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya. Wafula amenionyesha orodha. Mkuu wa chuo anataka nafasi ya kompyuta, kwa hiyo kila kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka mitatu kitatolewa rafuni na kwenda kwa wanunuzi wa karatasi kuukuu. Jumatano ijayo anatia sahihi.

Kitabu cha samaki ni cha tatu kwenye orodha. Cha pikipiki kipo. Cha cherehani kipo.

Wafula hana kosa. Alichukua tarehe zilizogongwa muhuri kwenye karatasi ya nyuma ya kila kitabu, na karatasi za vitabu hivyo ni nyeupe pe. Mimi ndiye niliyeziacha nyeupe.

Wakati huo Mama Awino alikuwa hatua nne kutoka nilipo, akifuata mstari kwa kidole. Sikumwambia. Mimi ni mwoga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemfokea Wafula bure. Nimemwomba radhi kwa chai na mandazi.

Mfumo unakubali tarehe za nyuma. Nimeligundua hilo saa tisa, maktaba ikiwa tupu. Ningeweza kujaza jina la mwanafunzi yeyote, kitabu cha samaki, mwaka jana mwezi wa sita. Nani angejua? Vidole vilikuwa vimeshagusa vitufe.

Sikufanya. Si wema. Nimetunza rejista miaka kumi na tisa na sijawahi kuandika uongo ndani yake. Kunyamaza, ndiyo. Uongo, hapana. Nafikiri kuna tofauti. Leo sina hakika.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu vitabu.

Jumatatu, 10 Machi

Tumeanza kuvishusha vitabu vya orodha. Wafula anashusha, mimi napanga kwenye maboksi kama mtu anayefunga mizigo ya marehemu.

Kwa hasira nilichukua kile kinachoongoza kwa kuazimwa, cha stadi za mawasiliano. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukichukua. Karatasi yake ya nyuma imejaa mihuri mpaka pembeni. Nikakifungua. Kikalia "kwaa", kama kitabu kipya. Mgongo haujawahi kukunjwa. Kurasa za kati bado zimeshikana tangu kiwandani. Kinatembea, hakisomwi.

Kisha nikachukua cha samaki. Kimevimba. Nikikiweka mezani kinajifungua chenyewe kwenye michoro ya vichanja. Pembe za kurasa zimelainika kama noti kuukuu. Ukurasa wa 96 una gamba la samaki, dogo, linang'aa. Pamoja na sabuni yangu yote!

Nimecheka mpaka Wafula akaja kuuliza kama niko sawa. Nikamwonyesha vyote viwili. Akavua miwani, akavaa tena. "Madam," akasema, "hii si ya kuniambia mimi."

Najua.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Mama Awino. Hakulia. Aliweka mikono yake safi juu ya meza.

"Sasa nitasoma wapi, Madam? Niko ukurasa wa mia moja na nne. Paa bado."

Akatoa karatasi ya pakiti ya unga na kalamu, akaanza kunakili mchoro wa paa haraka haraka, bila kamusi, akiruka maneno asiyoyajua. Sijawahi kumwona akisoma kwa pupa. Nimeumia. Kesho naenda kwa mkuu, hata kama nitarudi bila kazi.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda. Nimevaa gauni la Pasaka.

Mkuu wa chuo ni mtu wa mafaili. Hana ubaya, ila kisicho kwenye faili hakioni. Nikaweka vitabu viwili mezani kwake na kukiri kabla hajaniambia niketi.

"Unasema umevunja kanuni miaka mitatu?"

"Ndiyo, Bwana Principal. Jumanne na Alhamisi." Kisha mdomo wangu ukaongeza wenyewe, "Na Ijumaa kuna fundi wa pikipiki."

Akafungua cha mawasiliano, kikalia. Akafungua cha samaki, hakikuhitaji kufunguliwa. Akakinusa. Akanitazama. Akakinusa tena.

Ndani mlikuwa na ile karatasi ya unga. Mama Awino aliisahau jana. Mkuu akaisoma yote: urefu wa nguzo, upana wa wavu, mteremko wa paa. Chini kabisa ameandika kwa herufi kubwa: NA MBUZI JE? Kitabu hakikusema lolote kuhusu mbuzi. Kichanja cha urefu ule mbuzi wa hapa Kisumu anakipanda asubuhi na mapema, na huyu mama alishaliona hilo, akachora waya kuzunguka nguzo.

Mkuu alicheka mpaka akashika meza. "Hata mimi nisingewaza mbuzi."

Kisha akawa mkuu tena. Nitapata barua ya onyo. Ni haki. Vitabu vinarudi rafuni, kompyuta zitakaa chumba cha magazeti. Na majirani waandikishwe. "Mimi naona kilichoandikwa tu, Madam. Basi andika."

Nimetoka. Nimenunua soda nikainywa nimesimama.

Alhamisi, 13 Machi

Wafula ametengeneza kundi jipya kwenye mfumo: Msomaji Jirani. Namba moja ni Mama Awino. Mfumo ukadai barua pepe. Hana. "Weka ya Madam," mama mwenyewe akasema, kana kwamba tunagawana chumvi. Tumeweka yangu.

Hakujua kwamba kadi aliyopewa inamruhusu kuazima kitabu. Nilipomwambia ni wiki mbili, akaniangalia kwa shaka. "Niende nacho nyumbani? Chenyewe?"

Chenyewe. Muhuri wa kwanza kwenye karatasi ile. Niliugonga kwa nguvu mno, wino ukasambaa. Amekifunga ndani ya leso safi, na leso ndani ya mfuko.

Mlangoni akasema, "Ero kamano, nyamera." Miaka mitatu ameniita Madam. Leo kanishukuru kwa Kijaluo na kuniita dada yake. Nilijifanya napanga magazeti.

Jumatatu, 17 Machi

Barua ya onyo imefika. Nimeitoboa matundu mawili, nimeiweka kwenye faili langu. Fundi wa pikipiki amepata kadi, namba mbili. Mvua ya kwanza leo jioni, kubwa. Sabuni inaisha haraka siku hizi.

Jumanne, 18 Machi

Mvua tena, ya kukatika na kurudi. Wanafunzi wa umeme wamelala.

Saa saba nimefuta meza ya dirishani na kuweka kamusi mahali pake. Nimebadilisha maji ya jerikani. Saa nane kasoro robo bado nilikuwa naangalia mlango, nikaanza kuwaza mabaya. Halafu nikakumbuka. Ana kitabu nyumbani. Hana haja ya kuja.

Nimekula peke yangu. Nimefurahi, na nimekosa mtu wa kumrudisha akanawe.

Kisha nimeiona kamusi. Atasomaje bila kamusi? Nimeigonga muhuri, taratibu safari hii, nimeandika jina lake na tarehe. Nikifunga saa kumi na moja nitavuka barabara nimpelekee.