Jambazi Aliyekula kwa Mkono wa Kushoto

Jumapili. Mvua ya asubuhi imekatika, na jua la Muyeye limetoka na hasira zake. Nimekaa barazani na simu yangu, na tangu Ijumaa nilikuwa simwamini mtu.

Ijumaa kaka yangu Swaleh, anayeishi Kilifi, alinitumia filamu ya Kihindi tuliyoipenda utotoni kule Mambrui. Jina lake hatukulijua. Kwetu ilikuwa "ile ya jambazi", basi.

Nasikia Nairobi watu walikwenda uwanjani na magari yao, wakatazama sinema wamekaa humo humo ndani. Kwetu gari lilikuwa moja tu, nalo ndilo lililoleta sinema. Shuka jeupe lilitundikwa baina ya miti miwili, wanaume wakakaa upande wa gari, na sisi wasichana na mama zetu tukakaa nyuma ya shuka, ili watu wasichanganyike. Picha ilipenya ikatufikia vizuri tu. Maandishi ya chini sikuyajali, kusoma nilikuwa bado.

Kuna kitu kimoja ninachokikumbuka kuliko nyimbo zote. Jambazi amekaa juu ya mwamba, anakula wali kwa mkono wa kushoto. Wanawake wote waliguna. Nami, mtoto mdogo kichwa mapajani mwa Mama, nikajua pale pale kwamba huyu hana mwisho mwema. Tangu siku ile, mtoto akipeleka mkono wa kushoto kwenye sinia, Mama alisema, "Haya, jambazi huyo." Tumelelewa na jambazi yule.

Sasa Ijumaa naifungua filamu. Nyimbo ni zile zile, mwamba ni ule ule. Jambazi anamega wali kwa mkono wa kulia, kwa adabu zote, utadhani kaalikwa karamuni kwa kadhi.

Nikairudisha nyuma. Wa kulia.

Nikamshuku Swaleh, maana mzaha ndio kazi yake, na siku hizi simu hazishindwi kuchezea picha. Nikampigia. "Dada, yule siku zote akila kwa kulia," akasema. "Wazeeka tu." Akacheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu ya Mama. Mama nakaa naye hapa nyumbani, na maradhi yake ya kusahau yalianza hivi hivi, kwa vitu vidogo alivyokuwa na hakika navyo. Alibishana juu ya ufunguo, akasema tumemwibia. Sasa wajukuu anawaita kwa majina ya ndugu zake waliokwisha kufa.

Naogopa. Sijamwambia mtu, lakini naogopa kwamba kilichomchukua Mama kimeanza kunibishia hodi.

Tangu Ijumaa najipeleleza mwenyewe. Mchuzi nauonja na kuuonja tena, siamini kama chumvi nimetia. Jana nilimshuku jirani kwamba kachukua mbuzi yangu ya kukunia nazi, kumbe nimeikalia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilishtuka hasa.

Kumuuliza Mama sikutaka. Asipokumbuka, nitabaki peke yangu na jambazi wangu. Akikumbuka, nani atakubali ushahidi wake?

Leo baada ya alasiri nikajikaza. Nikamketisha kitandani kando yangu, nikashika simu mbele yetu. Alitazama. Jambazi akapanda mwamba, akakaa, akaanza kula kwa kulia. Mama akavuta mtandio, akajifunika nusu ya uso, akanigeukia kwa ule ukali wake ambao sijauona siku nyingi.

"Mbona leo mwaniketisha upande wa wanaume?"

Hapo nikalikumbuka shuka. Niliinuka, nikaielekeza simu kwenye kioo cha kabati, nikamgeuza Mama polepole atazame humo. Ndani ya kioo, jambazi alikuwa anakula kwa kushoto.

"Si ndiye huyo," akasema, akauachia mtandio. "Hana adabu huyo."

Kumbe sikusahau kitu. Swaleh na mimi tuliona filamu moja, kila mtu na upande wake wa shuka, na mimi na akili zangu hizi zote sikuliwaza hilo hata mara moja. Aliyeliwaza ni Mama.

Nimefurahi kwa ajili yangu, na furaha yenyewe naionea haya. Maana filamu ilipokwisha Mama alinitazama sana, akaniuliza kwa upole, kama anavyoulizwa mgeni, "Nawe bibie, u mwana wa nani?"

Nikamwambia mimi ni wake, mimi ndiye niliyekuwa nikimlalia mapajani nyuma ya shuka. Akaniangalia kwa shaka kuanzia kichwani mpaka miguuni. Yule, akasema, alikuwa mtoto mdogo.

Kesho nitaiwasha tena mbele ya kioo, na jambazi akianza kula nitamwekea Mama kichwa changu mapajani. Huenda akanijua.