Kibodi ya Baba

Kezira, Dire Dawa
9 Hamle

Mpendwa kaka yangu Daniachew,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. U hali gani huko Kanada? Hirut hajambo? Na wale mapacha, wamepona kikohozi? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua kama kawaida, lakini kanisani haachi kwenda. Mvua zimeanza huku, ila joto liko palepale.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi. Nimempa Selamawit, binti wa jirani yetu, anayekuja huko kusoma. Haya kwenye simu nisingeweza kuyasema, maana ukipiga Mama huwa amekaa ubavuni pangu, na mimi nikianza tu sauti inakatika. Isome ukiwa umekaa.

Ni habari za Baba na kompyuta yake.

Unajua mwenyewe, tangu kiharusi cha kwanza kilipomnyang'anya sauti, ile laptopu uliyotuletea ndiyo iliyokuwa mdomo wake. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja, polepole, na uchokozi wake hakuuacha hata kidogo. Mama akileta chakula, yeye anaandika, "Leo hii shiro umeipika, au umeitishia moto tu?" Mama anavaa miwani, anasoma, anamtukana, anacheka mpaka anajifuta machozi kwa shuka. Ndiyo ilikuwa nyumba yetu kutwa nzima. Baba ni yuleyule karani wa tiketi wa stesheni, lazima amjibu kila mtu.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa kwenye kahawa, duru ya pili, kikombe kikamponyoka Baba mkononi, kahawa yote ikamwagikia kibodi. Tukaikimbilia kompyuta. Mama akaigeuza juu chini, mimi nikachomoa waya, mama yake Selamawit akaleta kitambaa. Kesho yake vitufe vingine vilikuwa vimeganda kabisa, na vingine ukibonyeza mara moja vinajaza mstari.

Mama alikuwa amesikia kwamba kompyuta iliyolowa hufukiwa kwenye mchele. Mchele hatukuwa nao, akaifukia kwenye tefu. We acha tu, kaka. Punje zenyewe ndogo kama mchanga, zote zikazama chini ya vitufe. Nilipoipeleka kwa Nuredin, fundi wa pale karibu na stesheni, aliitikisa juu ya meza na tefu ikamwagika. Akaniambia, "Dada, umeniletea kompyuta nitengeneze au nafaka nikupikie injera?" Akaifungua, akanusa ndani. "Na sukari mlitia. Basi hii imekunywa kahawa nzuri kuliko mimi tangu asubuhi." Siku ile nilicheka.

Aliisafisha kwa spiriti, haikufaa, akaweka kibodi mpya. Niliijaribu mwenyewe pale dukani na kila herufi ikatoka sawasawa. Nikairudisha nyumbani nimefurahi, nikamwekea Baba mapajani, Mama akaja na miwani yake. Baba akaandika, akaandika, kisha akatugeuzia skrini tusome. Yalikuwa matakataka matupu. Herufi zimerundikana tu, hamna hata neno moja.

Mama akasema, "Huyo fundi wako tapeli." Nami nikarudi nimefura, nikamfokea Nuredin mbele ya wateja wake. Alinisogezea kompyuta akasema, "Haya, andika." Nikaandika, ikawa sawa. Akaandika yeye, ikawa sawa. Akanipa kibodi nyingine ya kuchomeka pembeni, niende nayo nyumbani, kama tatizo ni mashine tujue. Nikaichomeka, Baba akaandika, yakatoka yaleyale.

Niliporudi dukani sikuwa na nguvu za kufoka. Nuredin akaniuliza taratibu, "Dada, nyumbani anayeitumia ni nani?" Nikamwambia ni baba yangu, aliwahi kupata kiharusi. Halafu akaifunga ile kompyuta, akaniambia, "Hapa mimi sina cha kutengeneza. Mpelekeni hospitali." Nilisimama pale mlangoni kwake nikalia kama mtoto, watu wanapita wananitazama.

Daktari aliniita ndani peke yangu, Mama akabaki nje na Baba. Amepata kiharusi kingine, kidogo, kimempiga palepale kwenye maneno. Akaniuliza kama tuliona dalili yoyote, pengine mkono kulegea, pengine kuangusha vitu. Ndipo nikakumbuka kikombe. Kaka, mkono wake ulishikwa tukiwa tumekaa naye, na sisi sote tulikuwa tunaifuta kompyuta. Hakuna aliyemtazama yeye. Daktari anasema hata tungekimbia saa ileile huenda isingesaidia sana. Nimemsikia, lakini moyo wangu haukubali.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mwenyewe hajui. Anavyoona yeye, anaandika vizuri. Akimaliza anatugeuzia skrini, anatutazama na ule uso wake wa mtu aliyekwisha kurusha neno, anasubiri tucheke. Mimi nashindwa, nakimbilia jikoni. Mama hucheka. Hucheka kwelikweli, anampiga kofi la begani, anamwambia, "Mzee huna haya wewe," na Baba anaridhika, anaendelea kuandika. Kisha Mama ananifuata jikoni. "Kibodi hii nayo mbovu. Mwambie kaka yako atutumie ya Kanada." Nimemweleza aliyoyasema daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua dengu, halafu akasema tena vilevile.

Na ule ujumbe mrefu aliokutumia Jumapili, ukajibu kwa kuuliza kama siku hizi tunamlewesha kwa araki, usijilaumu. Hukujua, na mimi nilikuficha. Ila nataka ujue aliuandika asubuhi nzima. Alikataa chai, alikataa kugeuzwa kiti, akautuma kwa kidole chake mwenyewe. Alikuwa na jambo la kukuambia, na ni jambo refu. Hatutalijua tena. Tafadhali usiufute.

Shangazi Asnakech anakusalimu sana, anauliza lini utamwonyesha mapacha. Mzee Teferra wa stesheni naye anakusalimu. Kila Jumamosi huja kukaa na Baba, anamsimulia habari za reli, na Baba akimgeuzia skrini, naye siku hizi amejifunza kucheka kama Mama. Nisalimie Hirut, nibusie watoto.

Nina ombi moja. Mama atakupigia tena wiki hii kukuomba kibodi. Usibishane naye, wala usimwambie utaituma. Baba bado akisikia jina lako anainua kichwa na kutazama mlangoni, na daktari hakutaka kuniahidi itakuwa hivyo mpaka lini. Kwa hiyo mwambie Mama kibodi unaileta mwenyewe, kisha uje.

Mungu akufungulie njia na akulinde hadi tuonane.

Dada yako akupendaye,
Emebet