Pembetatu Mbili za Shamba la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, popote ulipo. Nimekaa chini katikati ya shamba la baba hapa Zuzu, kamba mkononi. Nimepima mara tatu. Kaka, hukuniibia hata hatua moja!

Unakumbuka baba alivyotugawia kabla hajafa? Shamba lina kona nne, akapanda mstari wa minyaa kutoka kona moja hadi kona ya mkabala, akasema, "Huku mkubwa, kule mdogo." Ukaja msimu wa kulima, tukaita majirani kwa pombe ya uwele. Kwangu wakamaliza kwa mitungi miwili. Kwako ikaenda mitatu, na bado walinung'unika. Sisi Wagogo ukubwa wa shamba tunausema kwa mitungi, basi mimi nikaona ushahidi nimeupata.

Ulinijibu kwa upole, "Mdogo wangu, kwako mchanga, kwangu tope zito. Jembe likikwama si kwamba shamba ni kubwa." Nikakucheka. Nikakuita mwizi mbele ya jumbe, shemeji anasikia. Hukupandisha sauti. "Haya, lima yote," ukasema, na kesho yake ukafuatana na wapagazi wa Tabora, mkeo nyuma yako, mtoto mgongoni.

Siku hizi nafanya kazi ya reli, namshikia Mdachi mnyororo wa kupimia. Nyapara wetu, Mzee Sefu, mtu wa pwani mwenye maneno mengi, alikata vijiti vitatu akapanga pembetatu chini. Akanikatia mimi vingine vitatu, vya urefu uleule. "Haya mbishi, panga pembetatu isiyofanana na yangu." Nilihangaika mpaka ugali ukapoa. Nikavigeuza, nikavipindua, ikatoka ileile. Akasema, "Pande tatu zikilingana na pande tatu, umbo ni lilelile na ukubwa ni uleule, hata moja ikilala kifudifudi."

Nikaikumbuka minyaa ya baba, iliyolikata shamba pembetatu mbili. Nikaomba ruhusa, nikaja nyumbani na kamba.

Upande wako mrefu uko sawa na wangu mrefu. Mfupi wako sawa na mfupi wangu. Lakini ubishi unanijua: nikajiambia, bado upande wa tatu, huenda aliniibia hapo. Nikapima wangu kando ya minyaa. Kisha nikavuka ng'ambo nipime wako. Wako ni minyaa ileile! Mstari niliokugombania ni upande wetu sote wawili, na mimi nimeutazama miaka yote bila kuuona. Nikarudia kupima, nikarudia tena, nikitamani kamba inikatalie. Haikunikatalia.

Naona aibu, kaka, na naogopa. Sijui kama Tabora ulifika, wala kama mtoto alihimili njia. Barua hii nampa msafiri anayekwenda huko. Atakayekusomea namwomba asiruke neno. Rudi. Ukitaka mchanga, chukua mchanga, mimi nitahangaika na tope.

Kwa jumbe nakwenda leo hii, kabla jua halijazama. Nitawaita watu walewale, niseme mbele yao kwamba mwizi yupo na wamwone: ni mimi, niliyevuna pande zote mbili na wewe huna pa kulima.

Ubaki salama mpaka unione nimepiga magoti,

Mdogo wako wa tumbo moja